Ukumbusho Juu ya Gunia la Unga

Mwaka 1975, mjini Kinshasa, kijana ambaye alikuwa bado hajatimiza umri wa miaka 19 alifungua karakana yake ya kuchora picha kando ya barabara ya Kasa-Vubu. Kijana huyo aliitwa Chéri Samba. Alizaliwa mwaka 1956 katika kijiji cha Kinto M'Vuila, upande wa magharibi wa nchi; baba yake alikuwa mhunzi na mama yake mkulima. Aliacha shule mwaka 1972, akaenda mji mkuu kutafuta riziki, na huko akajifunza kazi kwa mafundi waliokuwa wakichora vibao vya maduka. Baada ya kuwatumikia mafundi hao kwa muda, akaona wakati umefika wa kujitegemea.

Ndugu wasikilizaji, mwaka ule wafanyabiashara wengi wa Zaire walikuwa wakifunga milango. Bei ya shaba, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiilisha nchi, ilikuwa imeanguka. Bidhaa zilikuwa zimeadimika madukani, na mshahara ulikuwa ukinunua vitu vichache zaidi kila mwaka. Mtu mwenye kupiga hesabu zake vizuri angeuliza: ni nani atakayenunua picha wakati watu wanatafuta unga? Swali hilo ni halali, na historia ya jirani zetu wa magharibi inalo jibu lake. Picha zilinunuliwa, tena zilinunuliwa na watu wa mishahara midogo. Na sababu zilizofanya kazi hiyo ife katika mji mmoja na kuishi katika mji mwingine zinamhusu sana mtu anayevaa sare na kushika silaha.

Hapana budi kwanza kueleza jinsi nchi ilivyoanguka. Zaire, jina ambalo Kongo ililitumia tangu Oktoba 27, 1971 hadi Mei 1997, ilikuwa imesimama juu ya mguu mmoja. Zaidi ya nusu ya fedha zake za kigeni zilitokana na shaba ya Katanga, mkoa ambao nao wakati wa Rais Mobutu ulipewa jina la Shaba. Migodi hiyo ilikuwa mali ya kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, mpaka serikali ilipoitaifisha mwanzoni mwa mwaka 1967. Miaka iliyofuata ilikuwa ya neema. Vita vya Vietnam vilikuwa vikila shaba nyingi viwandani, na bei ikapanda mpaka ikafika kilele chake katika soko la London mwezi Aprili 1974. Kisha ikaporomoka. Ilipofika mwanzo wa mwaka 1975 bei ilikuwa imeshuka chini ya nusu ya kile kilele. Wakati huohuo bei ya mafuta ya petroli ilikuwa imepanda karibu mara nne tangu mwishoni mwa mwaka 1973. Kwa maneno mengine, kile ambacho nchi ilikuwa ikiuza kilishuka bei, na kile ilichokuwa ikinunua kikapanda. Agosti 1975 vita vya Angola vikaifunga reli ya Benguela iliyokuwa ikipeleka shaba baharini. Machi 1976 thamani ya sarafu ikapunguzwa, na mwaka huohuo serikali ikawaendea wadai wake mjini Paris kuomba muda wa kulipa.

Lakini si haki kuutupia ulimwengu wa nje lawama yote. Novemba 30, 1973, wakati bei ya shaba ilikuwa bado nzuri, Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zichukuliwe na wananchi. Neno lenyewe lilikuwa tamu masikioni mwa mnyonge. Matendo yake yalikuwa mengine: mali nyingi ziligawiwa wakubwa na jamaa zao, ambao waliuza kilichokuwamo ghalani na hawakuagiza kingine. Hivyo anguko la bei ya shaba liliikuta nchi ambayo maduka yake yalikuwa yamekwisha kuyumba kwa mikono ya wenyewe. Mtanzania aliyeyaona makali ya ukame wa mwaka 1973 na 1974 na bei mpya za petroli anaweza kukisia uzito wa mzigo huo ulipowekwa juu ya mabega ya mfanyakazi wa mgodini.

Sasa tugeukie miji ya migodi yenyewe. Lubumbashi ulianzishwa na Wabelgiji mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, kwa ajili ya shaba. Watu waliletwa huko kutoka makabila na nchi mbalimbali, na lugha iliyowaunganisha kazini na mitaani ikawa Kiswahili. Hiki ni Kiswahili chenye lafudhi na maneno yake, lakini mtu wa Kigoma au Tabora haachi kukielewa. Na si ajabu, kwa kuwa njia za misafara ya karne ya 19 zilitoka huku kwetu. Msiri, mfalme aliyetawala Katanga kutoka mji wake wa Bunkeya, alikuwa mtu wa asili ya Unyamwezi.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya vita vya kujitenga kwa Katanga vilivyomalizika mwaka 1963, ilizuka katika miji hiyo kazi mpya. Uchoraji wenyewe ulikuwapo tangu zamani. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana mjini humo, na vijana kama Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga wakapata sifa kwa kuchora ndege, samaki na wanyama wa porini. Lakini wanunuzi wa picha hizo walikuwa hasa Wazungu. Jambo jipya la hawa waliofuata ni kwamba walimchorea jirani yao: mfanyakazi wa mgodi, karani, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye kilabu cha pombe. Wengi wao hawakupita katika chuo chochote cha uchoraji.

Mtaji wa kazi hiyo ulikuwa mdogo mno, na hapa ndipo penye somo la kwanza. Mchoraji hakuhitaji turubai ya dukani. Alichukua gunia la unga la kitambaa, akalifua, akalikata na kulitandika juu ya fremu ya mbao, akalipaka rangi ya chini ili nyuzi zizibe, kisha akachora. Kilichobeba chakula cha mwezi uliopita kikawa ukuta wa picha wa mwezi huu. Hakuhitaji duka la kukodi pia, maana alizichukua picha mikononi akapita nyumba kwa nyumba na vilabuni. Picha iliyopendwa aliirudia tena na tena kwa wanunuzi mbalimbali, wala hakuona haya, kama vile seremala asivyoona haya kutengeneza viti vinavyofanana. Bei aliiweka palepale ambapo mkono wa mfanyakazi uliweza kufika siku ya mshahara.

Lakini bei ndogo peke yake haimfanyi mtu mwenye njaa anunue picha. Watafiti wawili, Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, waliokuwa Lubumbashi katika miaka ya mwanzo ya 1970, waliwauliza wachoraji na wanunuzi nini kinachoifanya picha iwe nzuri. Jibu walilolipata lilikuwa neno moja la Kiswahili: ukumbusho. Picha nzuri ni ile yenye ukumbusho, ile inayomfanya mgeni aliyeketi sebuleni aulize swali, na mwenye nyumba aanze kusimulia. Mtu aliyetoka kijijini alinunua picha ya kijiji, yenye nyumba za nyasi na mto, ili watoto wake waliozaliwa mjini wajue wametoka wapi. Mwingine alinunua picha ya misafara ya watumwa. Mwingine alinunua mamba-muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki ambaye watu husema humpa mtu utajiri na kumdai malipo mazito. Na wengine walinunua picha ya Patrice Lumumba, aliyeuawa karibu na mji huohuo Januari 17, 1961.

Ipo picha moja ambayo mwanajeshi na polisi wanapaswa kuitazama kwa makini kuliko zote. Iliitwa Colonie belge, yaani koloni la Kibelgiji, na mara nyingi iliandikwa miaka yake: 1885 hadi 1959. Inaonyesha uwanja wa gereza au wa boma. Bendera ya Ubelgiji inapepea. Mfungwa aliyevaa nguo za milia amelazwa kifudifudi chini, na anachapwa. Wafungwa wengine wanafanya kazi. Wanawake wamekuja na chakula cha waume zao na wanatazama. Pembeni amesimama afisa wa Kizungu, mara nyingine na kiko mdomoni, akiangalia kazi yake ikifanyika. Lakini fimbo haimo mkononi mwa Mzungu huyo. Fimbo imo mkononi mwa askari mweusi mwenye sare.

Picha hiyo ilichorwa na wachoraji wengi na ikatundikwa katika nyumba nyingi za wafanyakazi, mahali ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi. Yule askari alikuwa na jina, alikuwa na mke, na bila shaka alikuwa na sababu zake: aliamriwa, alikuwa na watoto wa kulisha, na kama asingechapa yeye angechapa mwingine. Picha haikuhifadhi hata moja kati ya sababu hizo. Imehifadhi sare na fimbo. Wahenga wamesema mtenda husahau, mtendwa hasahau. Na wachoraji wa Lubumbashi walifanya biashara kwa sababu mtendwa alikuwa tayari kutoa fedha yake ndogo ili asisahau. Watafiti wale waligundua tena kwamba picha ya mambo ya jana ilikuwa njia ya kusema juu ya mambo ya leo. Mtu ambaye hakuweza kumlalamikia hadharani askari wa serikali ya Mobutu aliweza kumtazama yule askari wa mwaka 1950 ukutani mwake, na mgeni wake akaelewa.

Mmoja wa wachoraji hao alikuwa Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947. Kama wenzake, aliishi kwa kuuza picha zilizozoeleka. Lakini alikuwa na fikira kubwa zaidi: alijihesabu kuwa mwanahistoria, ambaye kalamu yake ni burashi. Mwishoni mwa mwaka 1973 alikwenda nyumbani kwa Fabian kuuza picha, na katika mazungumzo yao likazaliwa shauri la kuchora historia yote ya nchi, tangu watu wa kale mpaka siku zile. Katika muda uliofuata, wakati bei ya shaba inapanda kilele na kuanza kuanguka, alileta picha kwa mafungu, kiasi cha 100 kwa jumla, na kila fungu alilieleza kwa Kiswahili mbele ya mashine ya kunasa sauti. Mwaka 1996 Fabian alizitoa picha na maelezo hayo katika kitabu. Ndivyo ilivyotokea kwamba moja ya historia kamili za Kongo zilizotungwa na mtu wa kawaida imesimuliwa kwa lugha hii hii tunayosema.

Ndani ya picha hizo yumo Msiri, aliyeuawa Desemba 1891 na msafara wa Kapteni Stairs uliotoka pwani yetu na kuajiri askari na wapagazi wa huku. Umo mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière wa Desemba 1941, ambapo askari waliwafyatulia risasi wagomaji waliokusanyika katika uwanja wa michezo wa Elisabethville, wakaua makumi ya watu. Imo misalaba mitatu, kwa ajili ya Lumumba na wenzake Mpolo na Okito. Kuchora mambo hayo chini ya serikali ya chama kimoja kulihitaji moyo. Tshibumba alijua picha ipi inaweza kuuzwa sokoni na ipi inaweza kumtia matatani.

Je, biashara hiyo ilikwendaje hali ilipozidi kuwa mbaya? Mwanzoni haikufa. Ilistahimili kwa sababu gharama yake ilikuwa ndogo na kwa sababu watu wenye dhiki wana haja kubwa ya kusimuliana. Lakini hakuna biashara inayoweza kuishi milele kuliko mnunuzi wake. Mishahara ya miji ya migodi ikaendelea kuliwa na bei. Kisha vikaja vita. Machi 1977 wapiganaji waliotoka Angola waliingia mkoa wa Shaba, na Mei 1978 wakaingia tena na kuuteka mji wa Kolwezi. Majeshi ya kigeni ndiyo yaliyokuja kuokoa serikali mara zote mbili. Raia wengi waliuawa katika Kolwezi, na hofu ikaenea katika miji yote ya shaba. Mfanyakazi ambaye chakula cha jioni kilikuwa hakina hakika hakuwa tena na fedha ya picha. Sebule zilibaki na zile za zamani, na wachoraji wengi wakatafuta riziki nyingine. Tshibumba mwenyewe hajulikani alikoishia. Habari zake zinapotea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Picha zake za historia zimehifadhiwa Amsterdam, katika jumba la makumbusho la Uholanzi. Mtoto wa Lubumbashi anayetaka kuona kwa macho yake historia iliyochorwa juu ya magunia ya mji wake hana budi kupanda ndege.

Kule Kinshasa mambo yalikwenda njia nyingine, na hapa turudi kwa Chéri Samba. Kijana huyo hakutegemea picha peke yake. Kazi ya vibao vya maduka na matangazo ilikuwa ndiyo ugali wake, na picha ilikuwa kitoweo. Alichora pia hadithi za picha kwa ajili ya gazeti la vijana. Kutokana na kazi hiyo alipata wazo ambalo lilimtofautisha na wengine: aliingiza maandishi ndani ya picha zake, kwa Kilingala na Kifaransa. Aliona kwamba mpita njia huitazama picha mara moja na kwenda zake, lakini akikuta maneno husimama ili ayasome. Alitundika kazi mpya nje ya karakana, watu wakajaa, wakacheka, wakabishana. Alichora mambo ya mtaa: ndoa, ulevi, maradhi, ubadhirifu, viongozi na wananchi. Kwa hiyo alikuwa na wasomaji kabla hajawa na matajiri.

Matajiri walikuja baadaye. Mwaka 1978 palikuwa na maonyesho makubwa mjini Kinshasa yaliyowapa nafasi wachoraji wa mitaani, akiwemo Samba na mwenzake Moke, na wageni kutoka nchi za nje wakaona kazi zao. Mwaka 1989 Samba alikuwa mmoja wa wasanii walioonyeshwa mjini Paris katika maonyesho yaliyokusanya kazi kutoka pembe zote za dunia, na tangu hapo jina lake limekuwa miongoni mwa majina makubwa ya wachoraji wa Afrika. Tofauti yake na wale wa Lubumbashi haikuwa kipaji, maana Tshibumba hakuwa na upungufu wa kipaji. Tofauti ni kwamba mji mkuu ulikuwa na wanunuzi wa aina nyingi: yule wa kibao cha duka, yule wa mtaani, na yule mgeni. Mmoja alipoanguka, mwingine alibaki amesimama. Mji wa mgodi ulikuwa na mnunuzi wa aina moja, ambaye riziki yake ilitoka katika shimo moja.

Hata hivyo, ndugu wasikilizaji, msiba mkubwa kuliko kuanguka kwa bei ulikuwa mbele, na huo ulitoka kambini. Serikali iliyoshindwa kulipa madeni ilishindwa pia kulipa majeshi yake. Mwanajeshi wa kawaida wa Zaire alikuwa akipata mshahara ambao haukutosha kulisha familia, na mara nyingine hakuupata kabisa, huku majenerali wakijenga majumba. Wengine waliambiwa wajitafutie, na wakajitafutia kwa raia barabarani. Septemba 23, 1991, askari wa miavuli waliokuwa karibu na uwanja wa ndege wa Ndjili waliasi na kuingia mjini Kinshasa, wakavunja maduka, maghala na viwanda. Raia wakajiunga nao. Mwezi uliofuata uporaji kama huo ukaupata Lubumbashi. Januari 1993 ukarudiwa Kinshasa, baada ya askari kulipwa kwa noti mpya za zaire 5,000,000 ambazo wenye maduka walikataa kuzipokea. Oktoba mwaka huohuo serikali ililazimika kutoa sarafu mpya, ambayo moja yake ilikuwa sawa na zaire 3,000,000 za zamani. Nayo migodi iliyokuwa ikitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ilitoa chini ya tani 50,000 mwaka 1994.

Haitoshi kuwalaani askari wale. Walikuwa na njaa, na walionyang'anywa haki yao na wakubwa wao. Mgala muue, na haki yake umpe. Lakini tazama hesabu ya mwisho. Askari aliyebeba redio mabegani alipata redio. Kesho yake mke wake hakupata duka la kununua chumvi, ndugu yake aliyefanya kazi ghalani hakupata kazi, na fundi wa vibao hakupata duka la kuandikia kibao. Uporaji uliangusha kwa siku chache kile ambacho bei ya shaba ilikuwa haijakiangusha kwa miaka 17. Mfanyabiashara mdogo anaweza kustahimili soko baya, maana anaweza kupunguza bei, kubadili bidhaa au kubadili mnunuzi. Hawezi kustahimili barabara ambayo bunduki inaitisha ushuru usio na risiti.

Nasi Watanzania tusijione tuko mbali na jambo hili. Mwaka 1968 hivi, hapa Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora juu ya vipande vya mbao laini za ujenzi kwa rangi ya baiskeli, na kuuza picha zake Oyster Bay. Alikuwa mtu wa Kusini aliyekuja mjini kutafuta kazi, na mtaji wake ulikuwa mdogo kama ule wa wachoraji wa Lubumbashi. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Kazi yake ilikuwa imedumu miaka minne tu. Kama haikufa pamoja naye, ni kwa sababu alikuwa amewafundisha jamaa na wanafunzi wake, nao wakashikamana. Walipita katika miaka migumu ya mwisho wa 1970 na ya 1980, wakati hata sabuni ilikuwa ikitafutwa kwa foleni, wakichora na kuuza pamoja, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika. Lubumbashi wachoraji walipita kila mmoja peke yake na picha zake mikononi; walipokosa mnunuzi, hapakuwa na wa kuwashika mkono. Umoja huo ndio ambao historia ya jirani zetu ilikosa, na ambao historia yetu ilikuwa nao.

Basi askari anayekaribia kustaafu, au ambaye mkewe anashona, anafuma au anachonga kambini, na ajifunze kwa watu hawa. Wakati mbaya haumzuii mtu kuanza, ikiwa anaanza na kitu kilichopo, kama gunia la unga, na ikiwa anamuuzia jirani jambo ambalo jirani analithamini kwelikweli. Asiache kazi ya ugali kabla kazi ya kitoweo haijakomaa. Asimtegemee mnunuzi mmoja. Na asikae peke yake, maana chama kidogo cha mafundi watano kina nguvu kuliko mafundi ishirini waliotawanyika.

Kisha iko sehemu ambayo si ya fundi, bali ni ya mlinzi. Askari aliyesimama kizuizini, polisi anayepita sokoni jioni, mgambo anayekagua vibanda, hao wote wamo ndani ya hesabu ya kila mwenye kibanda, hata kama hawajui. Akiamka asubuhi, mwenye kibanda hujumlisha gharama ya rangi, ya mbao na ya nauli. Na katika nchi ambazo ulinzi umeharibika hujumlisha pia gharama ya askari. Pale gharama hiyo ya mwisho inapokuwa sifuri, watu huthubutu kuanza kazi hata katika mwaka mbaya.

Tangu mwaka 2013 vijana wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania wamekwenda mashariki ya Kongo chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, na baadhi yao hawakurudi hai. Mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo watu wa nchi hizi mbili wanakutana zaidi kuliko zamani, na wengi wao wanazungumza kwa Kiswahili. Katika nchi ile wamo watu wenye burashi ambao huchora kile wanachokiona, na picha zao huishi kuliko amri za siku, kuliko vyeo, kuliko serikali. Yule askari wa Colonie belge hakujua kwamba anatazamwa. Askari wa leo amekwisha ambiwa.